Kufunga switchi mu biro ya koperative: kuran, radi na usalama wetu



Zamani mali ya koperative ilikuwa mizani, depo, magunia na kitabu cha kontable. Leo koperative mingi za kahawa na kakao ziko na ordinateri mbili ao tatu, mashine ya kutoa karatasi, na mizani yenye inatuma kilo moja kwa moja ku biro. Tena, tangu Ulaya ilitoa sheria ya mwaka 2023 juu ya mazao yenye kuharibu pori, wanunuzi wanaomba kujua kila gunia limetoka ku shamba gani. Habari hizo zote zinakusanyika mu biro, na zinapita mu kisanduku kimoja cha chuma chenye matundu mengi. Kisanduku hicho kinaitwa switchi.

Switchi ikiungua siku ya malipo, kilo za mama mwenye alileta matunda asubuhi hazionekane ku ordinateri ya kulipa. Mabishano yanaanza. Lakini kuko jambo la nguvu zaidi: switchi yenye kufungwa vibaya inaweza kumupiga mutu kuran, ao kuwasha moto mu depo yenye kujaa magunia. Ndiyo maana tunaandika habari hii kwa wanamemba wote, si kwa fundi peke yake. Ni feza zenu zenye zinanunua chombo hicho, na ni watoto wenu wenye wanacheza karibu na mulango wa biro.

SWITCHI NI KITU GANI?

Musiichanganye na enterupteri ya kuwashia taa. Switchi ya mitambo ni sawa vile njia panda ya soko: kila ordinateri inaleta kable yake hapo, na switchi inapeleka ujumbe kwa mwenye anapaswa kuupokea. Iko midogo ya matundu matano ao manane, yenye inakaa juu ya meza. Iko mikubwa ya matundu 24 ao 48, yenye inafungwa mu raki, ni kusema fremu ya chuma yenye visi. Raki za namna hiyo ziko na kipimo kimoja dunia nzima: upana wa inchi 19, karibu santimetre 48. Urefu unahesabiwa kwa vyumba, na chumba kimoja kiko na santimetre 4 na nusu hivi. Switchi nyingi za matundu 24 zinachukua chumba kimoja tu.

MBELE YA KUNUNUA: MAULIZO MATATU

Komite ijibu maulizo haya mu mukutano, na sekretere aandike majibu.

Ulizo la kwanza: tunahitaji matundu ngapi? Hesabuni ordinateri, mashine ya karatasi, mizani na modemu ya intaneti. Muongeze mawili ao matatu kwa ajili ya kesho. Kama jibu ni saba, switchi ya matundu manane inatosha. Inakula karibu wati 5 tu, na haiombe raki. Haifai kununua ya matundu 24 kwa sababu tu koperative ya jirani iko nayo.

Ulizo la pili: switchi itapaswa kulisha vyombo vingine? Kuko switchi zenye zinapitisha kuran ndani ya kable ya mutandao, ili kamera ao antene ifanye kazi bila priza yake. Ni kitu kizuri, lakini kiko na tumbo kubwa. Kila tundu linaweza kutoa mpaka wati 15, na kwa aina zingine mpaka 30. Matundu 24 yakitoa wati 15 kila moja, ni zaidi ya wati 360. Kama muko ku batri ya jua, hiyo inaweza kumaliza chakula cha siku nzima mbele ya saa mbili kuisha.

Ulizo la tatu: vyombo viko mbali kiasi gani? Kable ya kawaida ya shaba haipaswi kupita metre 100 toka switchi mpaka chombo. Kama stasio ya kusafishia kahawa iko metre 150 na biro, kable hiyo haitafanya kazi muzuri. Tena, kable ya shaba kati ya nyumba mbili inaleta hatari ya radi. Tutaongea juu yake hapa chini.

FASI YA KUIWEKA

Switchi haipendi vitu vine: joto, vumbi, maji na panya. Na depo zetu ziko na vyote vine.

Musiifunge karibu na mabati. Saa saba ya muchana, hewa ya chini ya mabati iko moto sana, na switchi nyingi zimetengenezwa kwa fasi yenye haipite digri 40 ao 45. Musiiweke chini kabisa, kwa sababu ya maji ya mvua na ya kusafisha. Fasi nzuri ni ku kimo cha kifua ao macho ya mutu mwenye kusimama, ili aone taa zake bila kupanda juu ya kiti.

Musiifunge mu chumba chenye munakobolea kahawa ao kusaga mahindi. Vumbi la maganda na la unga linaziba matundu ya hewa, na unga mwingi wenye kuruka mu hewa unaweza kushika moto ku cheche ndogo. Kama koperative iko na chumba kimoja tu, mutenganishe kona ya biro kwa ukuta wa mbao mpaka juu.

Muangalie ukuta wenyewe. Switchi peke yake iko na kilo mbili mpaka nne hivi, lakini raki na vyombo vyote vinaweza kupita kilo 20. Ukuta wa matofali ya kuchoma unashika visi ya kupanua muzuri. Ukuta wa udongo ao wa mbao nyembamba haushike. Hapo mupitishe buloni toka upande mumoja mpaka upande mwingine, na muweke kipande cha mbao nene nyuma, ao mutafute raki yenye kusimama chini juu ya kitako cha beton.

Batri za asidi zisikae ndani ya raki pamoja na switchi. Wakati batri inachajiwa, inatoa hewa yenye kuwaka na muvuke wenye kula chuma. Zikae fasi yake, yenye hewa, mbali na watoto.

KUIFUNGA, HATUA KWA HATUA

Kazi hii inaomba watu wawili na fundi mwenye anajua kuran. Vua saa na pete ya chuma mbele ya kuanza.

1. Kama switchi imetoka mu baridi, kwa mufano imeshuka toka mulima na motokari ya usiku, acha sanduku lake likae mu chumba saa chache mbele ya kuliwasha. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoa jasho ndani, na jasho hilo ni maji.

2. Kata kuran yote ya raki ku disjonkteri. Mutu mumoja abaki na ufunguo wa kisanduku cha disjonkteri, ili mwingine asirudishe kuran bila kujua.

3. Funga masikio mawili ya chuma ku mbavu za switchi kwa visi zenye zilikuja nayo. Musitumie visi ndefu zaidi. Visi ndefu inaweza kuingia mpaka ndani na kugusa mitambo.

4. Mutu mumoja ashike switchi kwa mikono miwili, mwingine atie visi za raki. Anza na zile za chini upande wa kushoto na wa kuume, kisha za juu. Usikaze moja mpaka mwisho mbele ya kutia zote.

5. Acha nafasi ya kiganja cha mukono kila upande wenye matundu ya hewa. Switchi zingine zinavuta hewa upande wa kushoto na kuitoa upande wa kuume, zingine zinavuta mbele na kuitoa nyuma. Musiweke karatasi, kofia ao kitambaa cha kupamba juu yake. Tunajua kitambaa kinapendeza, lakini ni blanketi kwa chombo chenye kiko na homa.

6. Funga waya wa udongo mbele ya waya zingine zote. Siku ya kutoa switchi, waya huo ndio unatoka wa mwisho.

7. Tia kable za mutandao. Andika ku kila kable inakwenda wapi: MIZANI, KONTABLE, MODEMU. Kipande cha skoch na bik vinatosha. Siku ya shida, maandishi hayo yataokoa saa nzima.

8. Kwa mwisho, tia fishi ya kuran na uwashe disjonkteri. Baki hapo dakika kumi. Taa zinapaswa kuwaka, na usisikie harufu ya kuungua. Kama kuna harufu ao sauti ya kuchemka, kata ku disjonkteri. Usikimbilie kuvuta fishi.

WAYA WA UDONGO: RAFIKI MWENYE TUNASAHAU

Waya wa rangi ya kijani na manjano ndio wa udongo. Kazi yake ni kupeleka kuran mu udongo kama imepotea na kuingia mu chuma cha chombo. Bila waya huo, njia yenye kuran inatafuta ni mwili wa mutu mwenye anagusa raki na miguu iko ku sima yenye maji.

Mu biro mingi tunakuta mambo mawili mabaya. La kwanza, fishi ya miguu mitatu imekatwa muguu mumoja, ao inapita mu kafishi kadogo ka miguu miwili. Hapo switchi inafanya kazi, lakini ulinzi umekufa. La pili, priza iko na tundu la udongo, lakini nyuma yake hakuna waya wowote. Priza kama hiyo inadanganya. Muombe fundi aifungue mbele yenu na awaonyeshe.

Udongo wa kweli unaanza na fimbo ya shaba, ao ya chuma yenye kufunikwa na shaba, yenye kuingizwa mu udongo metre moja na nusu ao mbili, fasi yenye kubaki na unyevu. Ku mawe ya volkano, sawa vile pembeni ya Goma, fimbo moja mara nyingi haitoshe. Fundi anapaswa kupima na mashine, kisha kuongeza fimbo zingine ao waya wa shaba wenye kulala mu mufereji. Na jambo la kushika: raki, onduleri, fremu ya pano za jua na muti wa antene, vyote viunganishwe pamoja ku udongo mumoja. Udongo mbili zenye hazikuunganishwa ni hatari wakati wa radi.

Muombe tena disjonkteri ya diferansiele ya miliamperi 30. Hiyo ndiyo yenye inakata haraka wakati kuran inapita mu mwili wa mutu. Disjonkteri ya kawaida inalinda waya zisiungue. Haikulinde wewe.

KURAN INATOKA WAPI?

Someni etiketi nyuma ya switchi. Nyingi zinaandikwa 100-240 V, 50/60 Hz. Inchi yetu inatumia voliti 220 na 50 Hz, kwa hiyo inafaa. Shida iko ku namna kuran inafika.

Kama muko ku linye ya kampuni: kuran inaanguka na kurudi kwa nguvu. Ikikatika, muzime disjonkteri ya raki. Ikirudi, mungoje dakika tano mbele ya kuwasha. Onduleri ndogo yenye batri, ile ya biro, inasaidia sana kwa sababu switchi haizimike kila mara.

Kama muko ku grupu: muwashe grupu kwanza, muiache itulie dakika chache, fundi apime voliti, kisha ndiyo muunganishe raki. Mbele ya kuzima grupu, mutoe raki kwanza. Na grupu isikae mu nyumba hata mulango ukiwa wazi. Moshi wake hauonekane wote, na unaua watu wenye kulala.

Kama muko ku jua: hapa hesabu ndiyo mwalimu. Tuchukue switchi ya wati 20 yenye inafanya kazi muchana na usiku.

- Chakula chake: wati 20 mara saa 24 ni 480.
- Onduleri nayo inakula kidogo njiani, kwa hiyo tuhesabu 560.
- Batri ya voliti 12 na amperi-saa 100 iko na 1 200. Lakini batri ya asidi haipaswi kushuka chini ya nusu, ikishuka kila siku inakufa haraka. Inabaki 600.
- Ni kusema batri moja nzima inalisha switchi moja tu kwa siku moja. Kesho mawingu yakija, imeisha.
- Kurudisha 560 mu siku yenye jua la nguvu la saa 4, na kuhesabu vumbi, joto na waya, mutahitaji pano ya wati 200 hivi.

Sasa tuzime switchi usiku, ifanye kazi saa 10 tu. Chakula kinashuka mpaka 200, na onduleri inafanya 235 hivi. Batri ileile inavumilia siku mbili. Kujua kuzima ni sawa na kununua batri ya pili bila feza.

Mukumbuke kwamba onduleri kubwa inakula hata kama hakuna kitu chenye kinafanya kazi. Zingine zinaweza kula wati 10 ao 20 zenyewe, sawa na switchi. Usiku muizime nayo.

Ku batri yenyewe, fizibli inapaswa kukaa karibu sana na upande wa plis. Batri haipige mutu sawa vile voliti 220, lakini turnevisi ikianguka kati ya plis na muen inayeyuka, na batri inaweza kupasuka. Tena, wenye wako na switchi ndogo ya voliti 12 wasiiunganishe moja kwa moja ku batri. Batri yenye kuitwa ya 12 inapanda mpaka 14 na zaidi wakati inachajiwa. Mutie kati kati kachombo ka kusawazisha voliti, na fundi aangalie plis na muen mara mbili.

RADI YA KWETU SI YA MUCHEZO

Mu mwaka wa 2016, watafiti wenye walihesabu radi kwa kutumia satelite walionyesha kwamba fasi moja tu mu dunia inapita Kabare ya Kivu ya Kusini: ni ziwa Maracaibo, ku Venezuela. Kabare ilihesabiwa zaidi ya radi 200 kila mwaka mu kilometre kare moja. Wakulima wa Kivu hawahitaji satelite kujua hilo. Lakini jambo moja hatulifikirie mara nyingi: radi haihitaji kupiga biro ili iharibu switchi. Ikipiga muti wa jirani, nguvu inaingia mu kila waya mrefu wenye uko inje na inafika mu raki.

Kwa hiyo:

- Kati ya nyumba mbili, mutumie kable ya fibre yenye haina chuma ndani, ao antene ya redio. Fibre inapitisha mwangaza, haipitishe kuran.
- Ku mulango wa kuran, muombe parafudri, kachombo kenye kanapeleka nguvu ya radi mu udongo. Bila udongo muzuri, haina kazi.
- Wingu jeusi likianza kukaribia, na mbele ngurumo haijafika, mutoe fishi ya raki na kable ya antene yenye inatoka inje. Kutoa kuran peke yake hakutoshe. Mara nyingi radi inaingia ku kable ya antene.
- Kama radi imekwisha kuwa karibu, musiguse tena kitu. Switchi inanunuliwa, mutu hanunuliwe.

Miezi ya mavuno ya kahawa ya Kivu, kuanzia Machi, inakutana na mvua kubwa. Ni wakati wenyewe munahitaji vyombo, na ni wakati wenyewe viko mu hatari. Kila jioni kontable aandike kilo za siku mu kitabu cha karatasi na aweke kopi ya ordinateri ku flash disk yenye inalala fasi ingine. Kitabu hakiungue kwa radi ya antene.

MAMBO YA KUKATAA

Ralonji juu ya ralonji. Kuchaji telefone za watu wote ku multipriza ya raki. Waya ya taa, nyembamba, kutumikishwa kwa raki nzima. Kufungua switchi ili kuangalia ndani: hata ikitolewa kuran, vipande vingine vinabaki na nguvu. Kuunganisha batri ya 24 ku chombo cha 12 «ili tuone». Na kufungia raki mu chumba chenye ufunguo wake uko na mutu mumoja tu mwenye anakaa mbali.

KAMA AJALI INAFIKA

Moto: kata kuran kwanza, ku disjonkteri na ku batri pia, kwa sababu batri haijue kama linye imekatwa. Usimwange maji. Tumia chombo cha kuzima moto cha poda, ao muchanga mukavu. Kama moshi ni mwingi, mutoke wote.

Mutu mwenye amepigwa kuran: usimuguse na mukono. Kata kuran. Kama haiwezekane, simama juu ya ubao mukavu na umusukume na muti mukavu. Kisha angalia kama anapumua. Kama hapumue na kuko mutu mwenye alifundishwa musaada wa kwanza, aanze mara moja kusukuma kifua. Hata akisimama na kusema «niko muzuri», mumupeleke ku kituo cha afya, kwa sababu moyo unaweza kusumbuka nyuma.

KAZI YA KOMITE

Kila wiki: kupangusa vumbi na kitambaa kikavu kwa inje, na kuangalia kama panya hawakukula kable. Matundu ya raki yenye hayatumike yafunikwe, mijusi na mende wanapenda joto. Kila mwezi: kugusa fishi na nyuma ya mukono. Kama iko moto, imelegea ao ni ndogo kwa kazi yake, muite fundi. Kila mwaka mbele ya mvua: fundi apime waya wa udongo na kukaza visi zote.

Mu mukutano mukubwa wenye unakuja, mwanamemba yeyote anaweza kusimama na kuuliza komite maulizo haya matano. Waya wa udongo ulipimwa lini, na nani? Disjonkteri ya raki iko wapi, na nani anajua kuizima? Nani anatoa kable wakati wa radi kama kontable hayuko? Kopi ya kilo zetu inalala wapi? Na mu bajeti, feza ya fundi imeandikwa fasi gani?

Kama komite inajibu yote matano bila kutazamana, muko muzuri. Kama ulizo moja linabaki bila jibu, muanze na hilo, mbele ya kununua chombo kingine.